Kuitoa habu ya nyuma iliyong'ang'ania kwenye Volvo Amazon

Gari la Volvo Amazon halina siri nyingi. La mwisho lilitoka kiwandani mwaka 1970, kwa hiyo hata lile changa kabisa limeshapita miaka hamsini, na bado injini yake ya B18 fundi yeyote aliyetulia ataifungua na kuifunga. Umeme wake ni waya chache. Gia zake zinavumilia mateso. Kinachowashinda watu ni drami za nyuma, yale mapipa mafupi ya chuma yanayofunika breki. Mtu anataka kubadilisha viatu vya breki, kazi ya asubuhi moja kwenye gari jingine, na mwezi unaofuata gari bado limeinuliwa, tairi liko kando, ukingo wa drami umepondwapondwa kwa nyundo na habu, yaani kitovu cha gurudumu, haijasogea hata unywele.

Sababu ni kwamba kwenye gari hili drami haitoki peke yake. Drami na habu zimeshikana zikawa kitu kimoja, na habu imebanwa juu ya ncha ya shafti iliyochongwa tepa, yaani nene upande wa ndani na nyembamba kuelekea nje. Katikati mna kii, kipande kidogo cha chuma kinachokaa kwenye mfereji wake ili habu na shafti zizunguke pamoja, na nje kuna nati kubwa yenye meno pamoja na split pini yake. Viatu vya breki hutaviona mpaka habu iachane na shafti.

Mimi nilianza ufundi kwenye boti kabla ya magari, hapa Mombasa, na hilo limenifaa sana. Rafadha ya boti ya injini hukaa kwenye shafti kwa mtindo uleule: tepa, kii, nati, pini. Tena yenyewe hukaa ndani ya maji ya chumvi mwaka mzima. Lakini hakuna mtu wa boti mwenye akili zake anayeipiga rafadha nyundo, maana shafti ikipinda chombo kizima kitatetemeka. Watu wa boti huvuta kwa pula, yaani chombo cha kuvutia, kisha husubiri. Watu wa magari hugonga. Nikifanikiwa kukushawishi ufanye kama watu wa boti, drami zako zitapona.

Kwa nini inang'ang'ania

Pembe ya tepa ikiwa ndogo, vyuma viwili vikishabanwa hushikana kwa msuguano peke yake. Toa nati, toa pini, vitakaa vilevile. Ndivyo ilivyokusudiwa: msuguano ule ndio unaopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu, na kii ni mlinzi wa akiba tu. Kwa hiyo usiwalaumu Waswidi. Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1965 kwa Volvo PV544, kaka wa Amazon, na ekseli ya nyuma ya PV544 ina habu za namna hiihii. Matope na mawe ya njia za wakati ule hayakuziachanisha, sembuse nyundo yako.

Shida huja habu ikikaa miaka thelathini bila kuguswa. Maji hupenya kupitia mfereji wa kii, kutu inaota, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inazidi kubana. Huku pwani ni zaidi. Gari linalolala Nyali karibu na bahari hupigwa na upepo wa chumvi usiku kucha, kaskazi na kusi. Gari lililokaa Nakuru huachia mapema. La Mombasa, Tanga au Unguja lijie na subira.

Hakikisha kwanza ni habu ya aina hii

Usianze kutengeneza pula kabla hujajua una gari gani. Kwenye Morris Minor 1000 drami hushikwa na skrubu mbili tu. Zitoe, legeza breki, drami inakuja na habu inabaki. Land Rover za Series nazo drami yake ina skrubu tatu na inatoka bila kugusa habu. Volkswagen Kobe ina nati kubwa ya milimita 36 iliyokazwa mno, lakini ndani yake kuna meno yaliyonyooka, hakuna tepa, kwa hiyo vita yake kubwa ni ya nati. Triumph Herald ina tepa na kii kama Volvo, na ukaidi wake ni huohuo. Karibu yote nitakayosema yanaihusu pia.

Tazama pia hesi, ile mizunguko iliyochongwa kwenye ncha ya shafti kushika nati, inazunguka upande gani. Kuna magari, mfano Mini za zamani, ambayo nati ya habu ya nyuma upande wa kushoto hufunguliwa kinyume. Safisha ncha ya shafti kwa brashi ya waya, itazame hesi kwa jicho, ndipo uvute. Anayevuta bomba la mita moja bila kutazama anaweza kuwa anakaza.

Pula: hapa ndipo kazi yote ilipo

Ile pula ya miguu mitatu ya dukani, inayokamata ukingo wa drami, iache kabatini. Drami ni chuma cha kumimina. Ukiivuta kutoka ukingoni, nguvu yote inapita kwenye uso wake mpana kabla ya kufika katikati, na uso huo utapinda au utapasuka. Hata usipoona ufa, drami iliyopinda utaisikia siku ya kwanza ukikanyaga breki: kanyagio litakupiga mguu kila gurudumu likizunguka. Na drami za Amazon hazipatikani kila kona ya mji.

Pula inayofaa hushika stadi, zile bolti zinazoshika gurudumu, zote tano. Stadi ziko karibu na katikati, na ndizo zilizokusudiwa kubeba mzigo. Volvo wenyewe walikuwa na pula ya mtindo huo kwa ajili ya gereji zao, na wapenzi wa magari haya Ulaya na Marekani huuziana zilizotumika. Kwetu ni nafuu kuichonga. Nenda kwa mkerezaji, mimi huenda Shimanzi, umpe maelezo haya.

Bamba la feleji lenye unene wa milimita 25, la duara, lipate nafasi ndani ya mzingo wa uso wa habu. Usikubali jembamba zaidi. Bamba la milimita 10 litakunjika kama sahani ya bati na litakuvunjia stadi. Matundu matano, katikati zake zikae kwenye duara la kipenyo cha milimita 114.3, ambazo ni inchi nne na nusu. Hapa usimwachie akadirie. Mpe habu nyingine apimie, au umpelekee rimu. Tundu moja likihama milimita mbili, stadi moja itabeba mzigo wa mbili. Katikati ya bamba akate hesi ndani ya feleji yenyewe, milimita 24 yenye meno madogo ndiyo nzuri. Wengi watakwambia, "Tutachomelea nati hapo katikati, mzee, itashika." Kataa. Weldi ya nati hupasuka wakati ule ule unapoihitaji.

Bolti ya kusukumia, ile itakayopita hapo katikati kusukuma ncha ya shafti, iwe ngumu, yenye alama ya 10.9 kichwani, na ncha yake ikerezwe iwe ya mviringo kidogo. Hesi yake ipakwe grisi nzito kila unapoitumia. Bolti laini ya dukani itauma na kuganda ndani ya bamba lako, ndipo utakuwa na vitu viwili vilivyoganda.

Na kumbuka Amazon ni gari la inchi. Soketi ya milimita inayokaribiana na nati itakula pembe zake, na nati ya habu ikishaviringika, kazi inakuwa nyingine kabisa.

Siku chache kabla

Anza kwa mafuta ya kupenyeza. Yanayouzwa kwenye kopo yanafaa. Mchanganyiko wa mafuta ya gia otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, pia unafaa, ila utikise kila mara maana hutengana, na usiuweke karibu na moto. Nakwambia ukweli, mafuta hayapenyi kirahisi kwenye tepa iliyobanwa. Njia yake ni mfereji wa kii. Kwa hiyo zungusha gurudumu mpaka mfereji uwe juu, toa split pini, halafu dondoshea mafuta pale asubuhi na jioni. Kidogo kidogo. Ukimwaga mengi yataishia kwenye viatu vya breki. Kama viatu unavibadilisha, hilo si neno. Kama unataka kuvirudisha, jihadhari.

Split pini ya zamani hukatika ndani ya tundu. Ikikatika, itoe kwa pini nyembamba na nyundo ndogo, na ikikataa itoboe taratibu. Usifungue nati huku kipande kimebaki humo, kitachana hesi yote ya shafti.

Kulegeza nati

Nati hulegezwa gari likiwa chini, magurudumu yote yakiwa ardhini, kabari mbele na nyuma, breki ya mkono juu na gia ya kwanza ndani. Toa kofia ya gurudumu, na kama tundu la katikati ya rimu linaruhusu soketi kupita, weka soketi na mkono mrefu. Kama haliruhusu, utavua tairi na kumweka mtu akanyage breki kwa nguvu zake zote. Vuta kwa mwendo mmoja mzito. Usirukerukie juu ya bomba.

Ikishalegea, inua gari, uliweke juu ya stendi za chuma chini ya ekseli, vua tairi. Sizungumzii matofali wala jeki peke yake. Utakuwa unavuta kwa nguvu ya tani kadhaa na chuma kitaachia kwa mshtuko. Gari lililosimama juu ya tofali halitasubiri umalize kushangaa.

Sasa jambo ambalo ningependa ulisome tena. Nati usiitoe. Ifungue yote, igeuze upande wake bapa uangalie nje, kisha uirudishe mpaka iwe sawa na ncha ya shafti. Nyuma yake ibaki nafasi ya milimita kadhaa kati ya nati na habu. Inafanya kazi mbili pale. Kwanza inalinda hesi: bolti ya pula itasukuma shafti na nati kwa pamoja, ncha ya shafti haitapondeka. Pili, inazuia habu isiruke. Tepa ikiachia, huachia ghafla, na habu pamoja na drami ni chuma kizito kinachotoka kwa mlio wa kutisha. Nati iliyobaki inaikamata palepale.

Teremsha breki ya mkono, nenda nyuma ya bamba la breki ulegeze marekebisho ya viatu mpaka drami izunguke bure kwa mkono. Drami iliyolika ina ukingo ndani, na viatu vilivyokaa nje hukwama kwenye ukingo huo. Nimeona watu wakidhani tepa bado imeshika, kumbe imeshaachia zamani na kinachozuia ni viatu.

Kuvuta, na kusubiri

Weka pula juu ya stadi, rudisha nati tano za gurudumu, zikaze zote sawa ili bamba likae mraba na habu. Zihesabu hesi: nati iingie yote. Kati ya ncha ya bolti na ncha ya shafti weka kipande cha shaba au sarafu nene isiyo na kazi. Kaza bolti kwa mkono mrefu mpaka uhisi mambo yamekuwa magumu kweli. Utasikia vilio vidogo. Hivyo ni vya stadi na bamba vikikaa sawa.

Halafu acha.

Hapa ndipo ninapopata shida na vijana. Mpwa wangu anayenisaidia, kila tukifika hapa, nyundo iko mkononi.

"Mjomba, tugonge?"

"Tugonge nini?"

"Drami. Tuizungushie kidogo tu."

"Nenda kanunue chai."

Chuma kilichovutwa kinaendelea kuvutwa hata ukiwa hupo. Mafuta yanapata nafasi ya kupenya wakati kuna mvuto, kuliko wakati kila kitu kimetulia. Baada ya nusu saa rudi, kaza robo ya mzunguko. Halafu chukua nyundo ya kilo mbili upige kichwa cha bolti ya pula, pigo moja, lililonyooka kwenye mstari wa shafti. Si kumi. Pigo hilo linapita kwenye tepa likiwa tayari limevutwa, na mara nyingi ndilo linaloiachia. Kaza tena robo, dondoshea mafuta kwenye mfereji, ondoka.

Kwa nini pigo moja tu, tena la wastani? Kwa sababu shafti haina pa kukimbilia. Unaposukuma ncha yake ndani, nguvu inaenda kwenye beringi za ekseli na kwenye kile kipande kinachotenganisha ncha za shafti mbili ndani ya difu, lile sanduku la gia katikati ya ekseli. Nyundo ya kilo saba iliyozungushwa na mtu mwenye hasira itakupa habu huru na beringi zinazolia. Hapo umebadilisha tatizo la bure kwa tatizo la pesa.

Usisimame nyuma ya pula kwenye mstari wa ekseli, hata kwa muda wa kuangalia. Simama kando, karibu na mlango. Nami hutupia gunia zito juu ya pula wakati ninapokaza, ikitokea bolti imevunjika kichwa chake kisinitafute.

Kama jioni imefika na haijaachia, iache vilevile, imevutwa, ukalale. Nyingi katika habu nilizozitoa ziliachia zenyewe usiku, au asubuhi chuma kikiwa baridi kwa robo ya mzunguko. Mlio wake ni mkubwa. Waambie walio nyumbani.

Moto, ukilazimika

Ukirudia siku mbili tatu na bado, ongeza moto. Lengo ni kupasha habu kwa haraka kabla joto halijafika kwenye shafti. Ukipata nyuzi 150 zaidi kwenye habu kuliko kwenye shafti, tundu la kipenyo cha milimita 30 linapanuka kama milimita 0.05. Inaonekana si kitu. Kwa tepa iliyovutwa tayari ni nyingi mno.

Tumia gesi, uzungushe moto kwenye kiini cha habu, pale katikati panapozunguka shafti. Usichome uso wa drami, na usimulike shafti. Isifikie rangi yoyote: chuma kikianza kuwa chekundu umeshaharibu ugumu wake. Dondosha tone la maji. Likiruka na kutoweka mara moja, joto linatosha. Kaza bolti, pigo moja, simama kando.

Kuna wanaoweka barafu kwenye ncha ya shafti wakati huohuo, na hapa Mombasa barafu ya wauza samaki haikosekani. Haina madhara. Mimi sijaona ikinipa faida ya kutosha kunifanya nirudi sokoni.

Moto una gharama zake. Oili sili, ile pete ya kuzuia mafuta iliyo nyuma ya habu, hesabu imekwisha, nunua nyingine mapema. Grisi ya beringi itayeyuka, utaibadilisha. Mafuta ya breki yanashika moto, kwa hiyo futa kila tone na uwe na ndoo ya mchanga au kizimamoto pembeni. Na jambo ambalo watu hawalijui: usinyunyizie dawa ya kusafishia breki halafu ukawasha moto. Zile zenye klorini zikipata joto kali hutoa gesi ya sumu inayoua mapafu. Kwanza moto, usafi baadaye, chuma kikishapoa.

Mbinu ya kuendesha

Iko mbinu ya wazee wasiokuwa na pula, nayo ni ya kweli. Unalegeza nati mzunguko mmoja au miwili, unarudisha split pini ili nati isitoke, unashusha gari na kuliendesha polepole uwanjani, ukikata kona kushoto na kulia, ukishika breki kwa mkupuo. Mzigo wa gari lenyewe unaitikisa habu mpaka inaachia. Utasikia "ko!" na gurudumu litacheza kidogo.

Inafanya kazi. Siipendi kwa sababu mbili. Habu iliyoachia huku gari linatembea inaachia kii peke yake ibebe nguvu ya injini, na kii inaweza kukatika au kuchana mfereji wake. Pili, watu hawana nidhamu; huanza uwanjani wakaishia barabarani kwenda dukani. Ukiamua kuifanya, fanya kwenye uwanja uliofungwa, kwa mwendo wa mtu anayetembea, na usimame mara tu unaposikia sauti.

Habu ikishatoka

Usipulize vumbi. Viatu vya breki vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki. Lowesha kila kitu kwa maji yenye sabuni, futa kwa kitambaa, kitie kitambaa kwenye mfuko na uutupe. Upepo wa kompresa hapana kabisa.

Kisha tazama shafti. Tepa nzuri ina rangi ya kijivu iliyo sawa, imeng'aa kidogo. Ukiona madoa mekundu ya kutu na sehemu zilizolika kwa kusuguana, jua habu ilikuwa inacheza, huenda kwa miaka. Tazama kii: ikiwa imekatwa kidogo katikati, ikaonekana ngazi upande mmoja, itupe. Kii ni ya bei ndogo, usichonge kutoka kwenye msumari. Tazama kona za mfereji kwenye shafti kwa taa kali na lenzi; ufa huanzia pale. Shafti yenye ufa hairudi kwenye gari, haidhuru ni mdogo kiasi gani, maana ikikatika gurudumu na drami vinaondoka pamoja.

Safisha tepa kwa kitambaa cha msasa laini, kuzunguka shafti, si kwa urefu. Halafu chora mistari ya kalamu ya wino kwenye tepa ya shafti, kutoka ndani hadi nje. Ingiza habu bila kii, ibonyeze kwa mkono, izungushe kidogo, itoe. Wino ukifutika sehemu zote, vyuma vinagusana vizuri. Ukifutika upande mpana tu au mwembamba tu, unaweza kuusugua kidogo kwa unga wa kusagia valvu, ila kidogo sana. Ukizidisha habu itaingia ndani kuliko ilivyotakiwa, na drami itagusa bamba la breki. Ikihitaji zaidi ya hapo, ipeleke kwa mkerezaji.

Kuifunga ili itoke tena

Watu wengi, wakishateswa na habu, hutaka kuipaka tepa grisi ili siku nyingine iwe rahisi. Usifanye hivyo. Tepa hufanya kazi kwa msuguano. Ukiipaka grisi, nati itaivuta habu juu ya tepa kupita kiasi na kuipanua, na habu iliyopanuliwa hupasuka kwenye pembe ya mfereji wa kii. Futa tepa zote mbili kwa kitambaa chenye petroli kidogo, ziache zikauke, ufunge zikiwa kavu. Hesi ya nati ndiyo inayostahili tone la mafuta.

Kii iingie kwanza, ikae chini kabisa kwenye mfereji, isiinue habu. Ukiona habu inakaa juu ya kii badala ya kukaa kwenye tepa, punguza kii kwa tupa.

Kaza nati kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Usikadirie kwa mkono. Tundu la split pini lisipolingana na meno ya nati, endelea mbele mpaka lilingane, usirudi nyuma hata kidogo. Pini iwe mpya, kila mara.

Nikishamaliza, hujaza mdomo wa mfereji wa kii kwa silikoni kidogo, upande wa nje. Ndilo lango la maji, na ndilo nililohangaika nalo mwanzoni kupitisha mafuta. Silikoni hukwanguliwa kwa kisu siku ya kazi inayofuata.

Rekebisha breki, vuta breki ya mkono uone zinashika sawa pande zote mbili, kisha endesha kilomita hamsini hivi. Rudi, toa pini, jaribu nati tena kwa kipimo kilekile. Mara nyingi husogea kidogo, kwa sababu tepa hukaa vizuri baada ya kubeba mzigo. Peleka kwenye tundu linalofuata, weka pini nyingine. Wanaoiruka hatua hii ndio wanaorudi mwaka unaofuata na kii iliyokatika.

Pula usiuze wala usimwazime mtu ambaye hatairudisha. Kila unapobadilisha mafuta ya breki, kama miaka miwili hivi, ivute habu hata kama viatu bado vizima. Ikitoka kila baada ya miaka miwili itatoka kwa dakika kumi, na upande wa kulia utautoa huku wa kushoto bado umepakwa sabuni.